Kupima usalama wa mboga zilizobadilishwa vinasaba kwa uchambuzi wa kikemia: mwongozo kamili

Mletee mkemia nyanya moja, mwambie imebadilishwa vinasaba, kisha muulize kama ni salama. Hatakuwa na jibu, hata kama maabara yake imejaa mashine za kisasa. Hakuna kemikali iitwayo "GMO" ambayo mashine inaweza kuitafuta ikakuletea namba. Kinachopimika ni kingine: nyanya hii imetofautiana na nyanya mzazi ambayo haikubadilishwa? Imetofautiana katika nini, kwa kiasi gani, na kiasi hicho kina maana gani kwa mlaji?

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa mpangilio: mwanafunzi wa kemia ya chakula, fundi wa maabara, mkaguzi, au yule anayepokea ripoti na kutaka kujua kama imefanywa sawasawa. Msingi wake unajulikana. Mwaka 1993 shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi zilizoendelea, lilieleza kanuni ya kulinganisha zao jipya na zao la kawaida lililokwishaliwa kwa muda mrefu bila madhara. Mwaka 2003 Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa chini ya FAO na WHO, ikaitumia kanuni hiyo katika mwongozo wake wa kutathmini vyakula vya mimea ya aina hii.

Kabla hatujaingia maabara, niweke jambo moja wazi. Kiazi cha Lenape kilitolewa Marekani mwaka 1967 kikiwa kimezalishwa kwa kuchavusha tu, njia ileile ya wakulima wa tangu zamani, bila jeni yoyote kuingizwa maabara. Mwaka 1970 kiliondolewa, kwa sababu sumu asilia ya viazi ilikuwa imepanda ndani yake kupita kawaida. Njia ya kuzalisha haikuambii kama mboga ni salama. Vipimo ndivyo vinavyokuambia, mradi vipangwe vizuri.

Hatua ya 1: Jua kilichobadilishwa

Omba jalada la mmea na ulisome lote. Jeni iliyoingizwa imetoka kwa kiumbe gani? Inatengeneza protini gani? Inafanya kazi kwenye jani, kwenye tunda au mmea mzima? Kuna jeni ya mmea wenyewe iliyozimwa? Majibu haya ndiyo yanayopanga vipimo. Anayeagiza "vipimo vyote" bila kuyasoma hutumia fedha nyingi na bado hukosa kile alichopaswa kukipata.

Tazama mifano mitatu. Bilinganya ya Bt (yenye jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis), iliyoidhinishwa Bangladesh mwaka 2013, hutengeneza protini ya Cry1Ac inayomuua kiwavi mtoboa tunda. Hapo utataka kujua protini hiyo ipo kiasi gani kwenye tunda linaloliwa, inameng'enywa vipi, na kama sumu asilia za bilinganya zimebaki palepale. Nyanya ya Flavr Savr, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1994, haikuwa na kinga ya wadudu hata kidogo; kilichofanyika ni kukizima kimeng'enya cha poligalakturonasi kinacholainisha tunda, na ndani yake mlibaki jeni ya alama (ya kutambulisha mimea iliyopokea badiliko) inayostahimili antibiotiki ya kanamaisini. Orodha ya vipimo vyake ni nyingine kabisa. Halafu kuna viazi vilivyopunguziwa asparajini (asidi amino) ili vikikaangwa vitoe akrilamidi, kemikali isiyotakiwa inayojitokeza kwenye kukaanga, kwa kiasi kidogo. Kwa hivi utapima asparajini, lakini pia sukari na asidi amino nyingine, kisha ukaange na kupima akrilamidi yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo ahadi iliyotolewa kwa mlaji.

Chanzo cha jeni nacho kichunguzwe kwa makini. Soya iliyopewa jeni ya protini ya kokwa za Brazili ili iwe na methionini nyingi ilipimwa kwa damu ya watu wenye mzio wa kokwa hizo, na kingamwili zao zikaishika protini ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na soya hiyo haikufika sokoni. Nauthamini mfano huu kuliko mwingine wowote katika fani hii, maana kipimo kilifanyika mahali pake na kwa wakati wake.

Hatua ya 2: Tafuta mlinganishwa wa kweli

Hapa ndipo tathmini nyingi hushinda au kufeli, na hakuna mashine itakayorekebisha kosa la hatua hii.

Mlinganishwa ni aina ileile ya mboga, yenye ukoo uleule wa vinasaba, isipokuwa badiliko moja tunalolichunguza. Ioteshwe shamba moja na iliyobadilishwa, msimu mmoja, mbolea moja, maji yaleyale, na ivunwe siku moja ikiwa imefikia ukomavu uleule. Kununua nyanya ya GMO hapa na nyanya nyingine sokoni kisha kuzilinganisha ni kazi bure. Tofauti utakazoziona zinaweza kuwa za udongo, jua, siku za kukaa ghalani au aina ya mbegu, na hutaweza kuzitenganisha.

Mwaka 1998 yalitangazwa kwenye televisheni ya Uingereza matokeo ya panya waliolishwa viazi vilivyopewa jeni ya lektini (protini inayoshika sukari) ya ua la theluji. Dunia nzima ilitikisika. Royal Society, jumuiya ya kitaifa ya wanasayansi ya Uingereza, ilipopitia kazi hiyo mwaka 1999 ilisema ina kasoro katika mpango, utekelezaji na uchambuzi wake. Mojawapo ya matatizo yaliyojadiliwa ni kwamba viazi vilivyolinganishwa vilitofautiana hata katika virutubisho vya kawaida, hivyo haikuwezekana kusema madhara yametoka kwenye jeni au kwenye lishe yenyewe. Umma ulibaki na hofu, wanasayansi wakabaki na mabishano, na swali lenyewe halikujibiwa.

Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2013 zinataka majaribio ya shambani yafanyike angalau maeneo 8, kila eneo likiwa na marudio yasiyopungua 4, na ziongezwe aina nyingine za kawaida zisizopungua 6 kwa jumla. Aina hizo za ziada zina kazi kubwa. Zinakuonyesha mboga ya kawaida hubadilika kwa kiasi gani kutoka aina moja hadi nyingine na shamba moja hadi jingine. Bila wigo huo huwezi kujua kama ongezeko la asilimia 15 la kitu fulani ni ajabu au ni jambo la kila siku.

Kama huna uwezo wa maeneo 8, punguza ukubwa wa dai lako. Shamba moja lenye marudio manne na mlinganishwa halisi linakupa habari ya kweli kuhusu shamba hilo, na hilo tu ndilo uliandike.

Hatua ya 3: Chukua sampuli, uzilinde

Usichukue tunda moja zuri kutoka kila ploti. Chukua mimea mingi kwa kubahatisha, ukiacha mistari ya pembeni, kisha changanya kuwa sampuli moja ya ploti. Zipe namba za siri, ili anayepima asijue ipi imebadilishwa na ipi haikubadilishwa.

Baada ya kuvuna, mboga haijafa. Inaendelea kupumua, vimeng'enya vinafanya kazi, na kila saa inayopita hubadilisha namba zako. Vitamini C hupotea haraka baada ya kukata. Kabichi ikisagwa mbichi, kimeng'enya cha mirosinasi huzivunja glukosinolati (kemikali za kujilinda za jamii ya kabichi) kabla hujazipima. Kiazi kikiachwa kwenye mwanga hujitengenezea sumu zaidi. Kwa hiyo osha kwa maji baridi, kausha, kata, tumbukiza vipande kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha vikaushwe vikiwa vimeganda na kusagwa kuwa unga laini. Hifadhi unga kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, mahali pa giza, na uache akiba ya kurudia kipimo. Sampuli zote, za kundi hili na lile, zipite mikono ileile na muda uleule.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba ni mmea unaoudhani

Toa DNA, kwa mboga nyingi njia ya CTAB (inayotumia sabuni ya jina hilo) hufaa, kisha tumia PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Kwanza tafuta jeni ya asili ya mboga hiyo, kwa mfano LAT52 kwa nyanya, kuhakikisha DNA uliyotoa inasomeka. Kisha tafuta vipande vinavyotumika mara nyingi katika uhandisi jeni, yaani promota ya 35S (kipande kinachoiwasha jeni) na kimalizio cha NOS (kinachoashiria mwisho wake). Mwisho, tumia kipimo mahususi cha badiliko lenyewe, kile kinachosoma mpaka kati ya DNA iliyoingizwa na DNA ya mmea.

Kwa mboga kuna mtego. Promota ya 35S imetoka kwenye kirusi cha kolifulawa, ambacho huambukiza kabichi, kolifulawa na jamaa zao porini na mashambani. Kabichi ya kawaida kabisa iliyougua kirusi hicho inaweza kukupa jibu la "ndiyo" kwenye kipimo cha 35S. Ukipata jibu hilo kwa mboga za jamii ya kabichi, tafuta pia jeni nyingine ya kirusi ambayo haitumiki katika uhandisi jeni. Ikiwepo, huenda umeona ugonjwa tu.

Mtego wa pili ni kinyume chake. Mboga iliyohaririwa jeni, yaani iliyorekebishwa katika jeni zake yenyewe, kama nyanya yenye GABA (aina ya asidi amino) nyingi iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2021, inaweza isiwe na 35S wala NOS ndani yake. Jibu la "hapana" hapo halikuambii kwamba haikuguswa.

Hatua ya 5: Chunguza protini mpya

Pima kiasi chake kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kuishika protini, kwenye kila sehemu inayoliwa, na katika hatua ya ukomavu ambayo watu huila. Jihadhari na vyakula vilivyopikwa. Joto hubadilisha umbo la protini, na kingamwili za ELISA zinaweza zisiitambue tena ingawa vipande vyake bado vimo.

Kwa kuwa mmea hutengeneza protini hiyo kidogo sana, vipimo vingi hufanywa kwa protini iliyozalishwa na bakteria. Hilo linakubalika, ila lazima kwanza uonyeshe kuwa protini ya bakteria na ya mmea ni kitu kimoja: uzito uleule, mfuatano uleule wa asidi amino, utendaji uleule, na hali ileile ya sukari zilizoshikizwa juu yake. Hili la mwisho si dogo. Njegere zilizopewa jeni ya protini ya maharage inayozuia amilasi (kimeng'enya cha wanga) zilileta mjadala mkubwa mwaka 2005, pale watafiti walipoona protini hiyo, ikitengenezwa ndani ya njegere, imebadilika kidogo umbo na kuamsha kinga ya panya. Utafiti wa baadaye, mwaka 2013, ulikuta panya wakiitikia hata protini ya maharage ya kawaida. Yote mawili yasomwe pamoja. La kwanza linakufundisha kuchunguza protini jinsi ilivyo ndani ya mmea, la pili linakukumbusha kumpa panya pia chakula cha kawaida cha kulinganisha.

Kwa mzio, anza na kompyuta. Linganisha mfuatano wa protini mpya na visababishi vya mzio vinavyojulikana. Codex inataka uangalie zaidi pale ufanano unapozidi asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80 au zaidi. Kisha fanya jaribio la pepsini, kimeng'enya cha tumboni: weka protini kwenye mmumunyo wenye pH ya 1.2 na joto la nyuzi 37, chota kidogo sekunde ya 30, dakika ya 1, 2, 5, 10, 20, 30 na 60, zima kimeng'enya papo hapo, halafu tenganisha vipande kwenye jeli. Protini inayotoweka ndani ya dakika moja au mbili inatia moyo. Inayobaki saa nzima si lazima iwe hatari, ila inadai uchunguzi wa ziada, hasa damu ya watu wenye mzio kama chanzo cha jeni kinajulikana kwa mzio.

Hatua ya 6: Virutubisho

Hapa kazi ni ya kawaida na njia zake zimezoeleka, kwa hiyo nitapita haraka. Maji kwa tanuri, majivu kwa nyuzi 550, mafuta kwa Soxhlet (kuyatoa kwa kiyeyushi), nyuzinyuzi, protini kwa Kjeldahl (kupima nitrojeni) ukizidisha nitrojeni kwa 6.25. Kwa mboga za majani kumbuka kwamba njia ya Dumas, ya kuchoma sampuli, huhesabu nitrojeni yote, ikiwemo ya naitreti, na mboga za majani huwa na naitreti nyingi. Unaweza kuandika protini isiyokuwepo. Asidi amino huchemshwa na asidi ya haidrokloriki ya molari 6 kwa nyuzi 110 kwa saa 24, lakini triptofani huharibika humo na hupimwa kivyake kwa njia ya alkali. Vitamini C itolewe kwa asidi ya metafosforiki ili isioksidike. Madini yayeyushwe kwa asidi ya naitriki kwenye maikrowevu ya maabara, yasomwe kwa ICP, mashine inayotambua elementi kwa plazma yenye joto kali.

Andika matokeo kwa uzito mkavu, na kiasi cha maji pembeni. Mboga ni maji kwa sehemu kubwa. Mmea mmoja ukinywa zaidi siku ya mwisho, virutubisho vyote vitaonekana "vimeshuka" kwa uzito wa mbichi.

Hatua ya 7: Sumu asilia za mboga yenyewe

Kama muda na fedha zako ni haba, zipeleke hapa. Mimea hujilinda kwa kemikali, na mboga tunazokula ni zile ambazo vizazi vya wakulima walizipunguzia kemikali hizo. Badiliko lolote, liwe la maabara au la kuchavusha, linaweza kugusa njia zinazozitengeneza.

Nichukue viazi mviringo kwa undani. Sumu zake ni glikoalkaloidi, na mbili kati yake, alfa-solanini na alfa-chakonini, hubeba takriban asilimia 95 ya jumla. Chagua viazi vya ukubwa mchanganyiko, usivimenye, maana sumu imejaa zaidi kwenye ganda na kuzunguka macho. Ondoa vyenye jeraha au ukijani na uviandike kando. Kata kila kiazi kwa urefu vipande vinne na uchukue viwili vinavyotazamana, ili ganda na kiini viingie kwa uwiano wake wa asili. Baada ya kugandisha na kusaga, pima unga, ongeza asidi ya asetiki iliyozimuliwa hadi asilimia 5, tikisa, kisha zungusha kwenye sentrifuji mpaka mashapo yatulie chini.

Mmumunyo ulio juu una wanga, sukari na protini nyingi, hivyo upitishe kwenye katriji ya C18, yaani kichujio kinachonasa molekuli zisizopenda maji. Glikoalkaloidi hunasa, uchafu mwingi unaoshwa, kisha unazitoa kwa kiyeyushi cha kromatografia. Soma kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa kimiminika) kwenye mwanga wa nanomita 202. Molekuli hizi hazinyonyi mwanga vizuri kwingineko, ndiyo maana tunashuka huko chini ambako karibu kila kitu hunyonya. Usafishaji ukiwa hafifu, kilele cha uchafu kitahesabiwa kuwa sumu. Ukiwa na spektrometa ya masi, inayopima uzito wa molekuli, kazi ni nyepesi na ya uhakika zaidi: chakonini utaiona kwenye uzito wa 852.5 na solanini kwenye 868.5.

Jumla ya miligramu 20 hadi 100 kwa kilo ya viazi vibichi ni hali ya kawaida. Miligramu 200 kwa kilo ndio mpaka uliozoeleka kutumiwa na wazalishaji wa mbegu, ingawa utaona hatua ya 10 kwamba mpaka huo haumlindi kila mtu.

Kwa nyanya, pima tomatini, glikoalkaloidi yake. Tunda changa la kijani linaweza kuwa na mamia ya miligramu kwa kilo na likiwa jekundu kabisa likabaki na chache. Sasa fikiria nyanya iliyobadilishwa ili ichelewe kuiva. Ukilinganisha kwa siku tangu kuchanua, utaona tomatini imezidi. Ukilinganisha kwa rangi, huenda usione chochote. Mimi ningefanya vyote viwili, kisha niulize mlaji ataila ikiwa katika hali gani, na jibu la hapo ndilo ningelipa uzito.

Kwa jamii ya kabichi, pima glukosinolati: unga uliokaushwa utumbukizwe moja kwa moja kwenye methanoli ya asilimia 70 iliyokwisha pashwa nyuzi 70, ili mirosinasi ife kabla haijaamka. Kwa maboga na matango, kukurbitasini, ambazo ni chungu mno na huumiza tumbo. Kwa mchicha na spinachi, oksaleti na naitreti. Kwa jamii ya maharage, vizuizi vya tripsini, lektini na fitati, vikiwa vibichi na baada ya kupikwa.

Hatua ya 8: Mabaki ya dawa

Mboga inayostahimili dawa ya magugu itanyunyiziwa dawa hiyo. Mboga yenye kinga ya wadudu huenda ikanyunyiziwa kidogo zaidi. Yote mawili yanamhusu mlaji, kwa hiyo mpango wako wa shamba uwe na ploti zilizonyunyiziwa kama mkulima atakavyofanya na nyingine zisizonyunyiziwa.

Kwa dawa nyingi, QuEChERS, njia ya haraka ya kutoa mabaki, inatosha: gramu 10 za mboga iliyosagwa, mililita 10 za asetonitraili, gramu 4 za salfeti ya magnesi, gramu 1 ya chumvi, tikisa kwa nguvu, zungusha, safisha, soma. Lakini glaifoseti, dawa ya magugu, haimo. Inapenda maji mno na haihamii kwenye asetonitraili, hivyo ripoti ya dawa mia kadhaa "zisizoonekana" inaweza kuwa haikuitafuta kabisa. Iombe kwa jina, pamoja na AMPA, kemikali inayotokana nayo ikivunjika, kwa njia ya kutoa kwa methanoli yenye asidi ya fomiki.

Hatua ya 9: Thibitisha namba zako, kisha uzichambue

Katika kila kundi la sampuli weka sampuli tupu, sampuli iliyorudiwa, na sampuli uliyoiongezea kiasi unachokijua. Ukirudishiwa kati ya asilimia 70 na 120 ya ulichoongeza, na marudio yakitofautiana kwa asilimia 20 au chini, kwa vitu vya kiwango kidogo unaweza kuendelea. Taja kikomo cha kutambua na kikomo cha kupima. "Haikuonekana" bila kikomo ni neno tupu. Maabara iliyoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho hasa, si kwa vipimo vingine, inakupa nafasi nzuri zaidi ya kuaminiwa.

Kwa takwimu, hesabu hii iwe kichwani daima: ukipima vitu 60 kwa kiwango cha asilimia 5, yaani ukikubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, utapata wastani wa vitu 3 "vilivyotofautiana" kwa bahati tu, hata kama mimea ni sawa kabisa. Wapo wanaochukua kimoja kati ya hivyo vitatu na kukifanya habari ya gazeti. Wapo pia wanaotumia hoja hiyohiyo kuifukia tofauti ya kweli. Kinga dhidi ya wote ni maswali mawili kwa kila kitu ulichopima. La kwanza: je, kimetofautiana na mlinganishwa wake? La pili: je, kimo ndani ya wigo wa zile aina za kawaida ulizozipanda pamoja? Kilichotofautiana lakini kimo ndani ya wigo kinahitaji maelezo mafupi. Kilichotofautiana na kutoka nje ya wigo, katika maeneo mengi na kwa mwelekeo mmoja, kinahitaji kupimwa upya na kutafutiwa chanzo.

Hatua ya 10: Geuza kiasi kilichomo kuwa kiasi kinacholiwa

Namba ya maabara ni miligramu kwa kilo ya mboga. Mwili unajali miligramu kwa kilo ya mwili. Hesabu ni rahisi: zidisha kiasi kilichomo kwa kiasi kinacholiwa, gawa kwa uzito wa mlaji.

Chukua kiazi chenye glikoalkaloidi miligramu 150 kwa kilo, chini ya ule mpaka wa 200. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 300 anapata miligramu 45, sawa na 0.75 kwa kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 150 anapata miligramu 22.5, sawa na 1.5 kwa kilo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipotathmini sumu hii mwaka 2020 ilichukua miligramu 1 kwa kilo ya mwili kuwa kiwango cha chini kilichoonyesha madhara kwa watu, kama kichefuchefu, kutapika na kuhara. Kiazi hicho "kimefaulu" mpaka, na mtoto bado yuko juu ya kiwango cha madhara. Kumenya, kuchemsha na kukaanga hupunguza, kumenya pekee kwa asilimia 25 hadi 75, kwa hiyo pima pia kiazi kilichoandaliwa kama kinavyoliwa. Ila fanya hesabu ya mtoto kila mara, na uifanye kwa mlaji mkubwa wa mboga hiyo, siyo kwa mlaji wa wastani.

Hatua ya 11: Andika ripoti

Eleza mbegu, mlinganishwa, maeneo, marudio, njia, vikomo na tofauti zote ulizoziona, zikiwemo zisizokupendeza. Taja pia ambavyo hukupima. Uchambuzi wa kemia hauchukui nafasi ya mtaalamu wa sumu wala ya jaribio la siku 90 la panya pale linapohitajika. Unawapa wao mahali pa kuanzia na unaonyesha pasipo na haja ya kumsumbua mnyama.

Usiandike "mboga hii ni salama", wala "ni hatari". Andika kitu ambacho mwingine anaweza kukirudia na kukipinga kwa vipimo: "Katika maeneo 8 na msimu mmoja, glikoalkaloidi za kiazi kilichobadilishwa zilikuwa ndani ya wigo wa aina 6 za kawaida, protini mpya ilimeng'enywa ndani ya dakika 2, asparajini ilishuka kama ilivyokusudiwa, sukari zilipanda katika maeneo 2, na chanzo hakijajulikana, hivyo kipimo cha sukari na akrilamidi kirudiwe msimu ujao." Kisha zifungie sampuli za akiba kwenye baridi, zikiwa na namba zake, mpaka msimu huo upite.